Nyumba Inayokua Kama Kiinitete: Mwongozo Kamili wa Kuchora Hatua kwa Hatua

Michoro ninayoletewa niikosoe ina ugonjwa mmoja. Mtu akisikia habari za usanifu unaojifunza kwa viumbe, anachora ukumbi wenye umbo la kombe, au paa lenye mishipa kama jani la mgomba. Ukifungua ndani unakuta vyumba vilevile vya siku zote, mraba umebandikwa kwenye mraba. Kombe limebaki juu kama kanga iliyotandikwa juu ya gunia la mkaa.

Biolojia ya ukuaji, yaani elimu ya jinsi kiinitete (kiumbe kikiwa ndio kwanza kinaumbika) kinavyokuwa mnyama kamili, haihusu maumbo ya wanyama wazima. Inahusu mfuatano: kipi kinatangulia, kipi kinasubiri, kipi kinaamuliwa na mahali kilipo, kipi kinajengwa huku siku zake zikihesabika. Ukinakili umbo umenakili matokeo, na ukipewa kiwanja kingine huna cha kufanya. Ukishika mfuatano, kila kiwanja kitakupa nyumba yake.

Historia ya usanifu wa aina hii naiacha. Nitatumia kiwanja kimoja cha mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, na familia inayojenga kama wengi wetu tunavyojenga: mwaka huu msingi, mwakani kupaua, plasta Mungu akijalia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya upimaji ya kiwanja, yenye vipimo na upande wa kaskazini.
- Karatasi za tresi, zile zinazopitisha mwanga, angalau nane za A3.
- Penseli za rangi tano na kifutio. Kompyuta iweke kando mpaka Hatua ya 8. Inakufanya uone mchoro umekamilika kabla hujafikiri.
- Futi kamba ya mita 30, vigingi 30, kamba ya nailoni, chokaa kilo chache.
- Daftari la kuandika kanuni. Hilo ndilo zao la kazi hii, mchoro ni ushahidi tu.
- Siku nzima moja ya kukaa kiwanjani: asubuhi, saa tisa alasiri, na baada ya magharibi.

Kiwanja chetu cha mfano. Kiko nje kidogo ya Dar es Salaam. Mita 18 kutoka kaskazini kwenda kusini, mita 24 kutoka mashariki kwenda magharibi. Barabara iko mashariki. Ardhi inateremka kidogo kuelekea magharibi, na karibu na kona ya kaskazini-magharibi kuna mwembe mkubwa.

Kigawe kwa miraba ya mita 3 kwa 3. Utapata safu sita, A kaskazini hadi F kusini, na nguzo nane, yaani mistari ya miraba inayokata safu hizo, 1 barabarani hadi 8 nyuma. Miraba 48. Mwembe uko B7, yaani safu B, nguzo 7.

## Hatua ya 1: Soma kiwanja kabla ya kufikiri nyumba

Yai la nzi wa matunda halianzi likiwa tupu. Mama yake ameshaacha ujumbe upande mmoja wa yai, na kutokana nao hutengenezwa protini iitwayo bikoidi: nyingi kwenye ncha moja, ikipungua kadiri unavyoelekea ncha ya pili. Panapokuwa na protini nyingi, kichwa kitaota. Mteremko huo upo kabla ya kiungo chochote kuonekana.

Kiwanja chako nacho kina miteremko yake. Chukua karatasi ya tresi moja kwa kila mmoja wa hii mitano, kisha upe kila mraba namba 1 hadi 5:

1. Faragha: 1 barabarani, 5 mahali ambapo mpita njia hakuoni.
2. Kelele: bodaboda, msikiti, baa ya jirani, shule.
3. Upepo: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo hapa upande wa barabara ndio unaopata 5.
4. Joto la alasiri: jua la magharibi. Usijaze mezani, nenda saa tisa alasiri ukasimame.
5. Maji: yanakoelekea mvua ikinyesha. 5 ndiko yanakotuama.

Kwa nini miraba na namba? Kwa sababu bila namba utasema "hapa pazuri," na neno hilo halikusaidii kuamua chochote.

Tahadhari. Usilinganishe joto na umbali wa magharibi peke yake. Katika mfano wetu B6 ingepata 5, lakini mwembe unaikinga, ikapata 2. E6 haina kivuli, imepata 5 kamili. Tofauti hiyo ya miraba miwili iliyo umbali wa mita chache ndiyo itakayoamua nani alale wapi.

Utajua umefaulu ukizipandanisha karatasi tano dhidi ya dirisha na kuona kwamba hakuna pande mbili za kiwanja zinazofanana.

## Hatua ya 2: Gawa kizima, usibandike vipande

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, basi tukae kidogo.

Binadamu huanza kama seli moja. Seli hiyo inagawanyika kuwa mbili, nne, nane, na katika siku hizo za mwanzo mimba haiongezeki ukubwa: seli zinakuwa nyingi na ndogo zaidi, ndani ya nafasi ileile. Hakuna mahali ambapo mkono unaundwa pembeni halafu ukaletwa kupachikwa. Kila sehemu imetokana na kizima kilichokuwepo kabla yake.

Sisi tunafanya kinyume. Tunaanza na orodha: masta, vyumba viwili, sebule, jiko, stoo. Tunaisukuma orodha kwenye karatasi hadi ikae, na nafasi zilizobaki tunaziita korido. Ndiyo maana korido zetu huwa na giza: hakuna aliyezichora, zimebaki.

Kwa hiyo kiwanja chote, mita 18 kwa 24, ndicho seli yako ya kwanza. Kata mara moja, andika sababu, kisha kata tena. Mfano wetu ulikwenda hivi:

- Mkato wa 1, kati ya nguzo 2 na 3. Mbele ni pa wageni, gari na miti. Sababu: kelele inashuka ghafla hapo.
- Mkato wa 2, safu F yote inatengwa kuwa njia ya upana wa mita 3 kutoka barabarani hadi nyuma. Sababu: shimo la maji taka litakaa nyuma kwenye mteremko, E8, na siku moja gari la kunyonya litahitaji kulifikia. Nimeona nyumba nzuri ambayo mpira wa gari hilo hupitishwa sebuleni.
- Mkato wa 3, safu A inaachwa wazi upande wa jirani, kwa hewa na dirisha.
- Mkato wa 4, kati ya nguzo 6 na 7. Nyuma kunabaki mwembe na shimo. Katikati kumebaki mraba wa mita 12 kwa 12, B hadi E, nguzo 3 hadi 6.

Mikato minne, bado hakuna chumba hata kimoja, na tayari kiwanja kinaeleweka.

Tahadhari. Mkato usio na sababu kutoka kwenye karatasi zako tano ufute. "Nimeona mahali" haitoshi.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama baada ya mkato wowote na kusema kila kipande kina kazi. Kikipatikana kipande cha "tutaona," rudi nyuma mkato mmoja.

## Hatua ya 3: Weka kipangaji

Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold walichapisha jaribio lililobadilisha biolojia ya ukuaji. Walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, wakakipandikiza ubavuni mwa kiinitete kingine. Ubavu ule ukaanza kuota mwili wa pili, na sehemu kubwa ya mwili huo ilitokana na seli za mwenyeji. Kipande kile hakikuleta viungo. Kiliwapanga majirani zake. Ndiyo sababu kikaitwa kipangaji.

Nyumba yako inahitaji kitu kimoja cha namna hiyo: kikishawekwa, kila kinachokaribia kinajua kigeuke upande gani. Pwani yetu haina haja ya kukitafuta mbali. Katika nyumba za mawe za Lamu ni kiwanda, ule uwazi wa ndani. Unaingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, kisha misana, vyumba virefu vyembamba, inafuatana moja nyuma ya nyingine hadi ndani kabisa. Kila hatua ina faragha zaidi ya iliyotangulia. Huo ni mteremko uliojengwa kwa matumbawe na chokaa.

Kwetu kipangaji ni ua wa mita 6 kwa 6, miraba C4, C5, D4 na D5. Toa huo katikati ya ule mraba wa mita 12, na kinachobaki ni mkanda wa miraba 12 unaouzunguka, kila mmoja ukigusa uwazi au kona yake.

Tahadhari. Kipangaji ni kimoja. Ukiweka ua, na sebule kubwa ya kifalme, na ngazi ya kuzunguka ya kuonyeshea wageni, umepandikiza vipangaji vitatu, na utapata kiumbe cha vichwa vitatu.

Utajua umefaulu ukimpa mtu mraba wowote wa mkanda na akaweza kukuambia mlango wake utatazama wapi bila kukuuliza.

## Hatua ya 4: Mahali pataje chumba

Mwaka 1969 mwanabiolojia Lewis Wolpert alieleza kanuni kwa kutumia bendera ya Ufaransa. Fikiri mstari wa seli zinazofanana. Kemikali inatoka upande mmoja, ikipungua kuelekea wa pili. Kila seli inasoma kiasi kilichopo mahali pake: kikizidi kiwango fulani inakuwa buluu, kikiwa cha kati nyeupe, kikiwa kidogo nyekundu. Bendera inatokea, na hakuna seli iliyoona bendera nzima.

Andika viwango vyako daftarini. Vya mfano wetu ni hivi:

- Faragha 4 au 5, kelele 1 au 2, joto lisizidi 3: kulala.
- Faragha 1 au 2, upepo 4 au 5: kupokea wageni.
- Joto 4 au 5 na maji 4 au 5: maji na moto, yaani choo, bafu, jiko.
- Kisichoingia kokote: usiamue. Kiachie awamu ya baadaye.

Sasa soma. E5 ina faragha 4, kelele 2, joto 3: chumba cha kulala. D3 ina faragha 2, upepo 4: sebule. E6 ina joto 5 na maji 4: choo na bafu, na faida nyingine ni kwamba ukuta wa bafu unalipokea jua la saa kumi badala ya mtoto aliyelala, na bafu lenyewe linakauka. D6 iko vilevile, inakuwa jiko jirani na bafu, mabomba yanashirikiana ukuta. Moshi wa jiko uko upande upepo unakoelekea, hauingii vyumbani.

B6, ile iliyokingwa na mwembe, ina faragha 5, kelele 1, joto 2. Hapo ndipo pa wazazi. Kila mtu aliyewahi kuchora kiwanja hiki kwa mazoea aliwaweka wazazi mbele kulia, eti masta inapendeza ikitazama barabara.

B3 ilitupa shida: faragha 2, lakini sebule tulishakuwa nayo. Tuliiacha iwe chumba cha vijana au mgeni, chenye mlango wake wa nje. B4 haikuingia kokote, ikabaki haina jina. Usione aibu kuacha mraba bila jina. Kiinitete kina seli ambazo kwa siku nyingi hazijajulikana zitakuwa nini.

Tahadhari. Ukijikuta unabadilisha namba za Hatua ya 1 ili chumba ulichokitaka kikae ulipotaka, umeanza kudanganya. Badilisha kiwango kwa uwazi na uandike kwa nini, au kubali usomaji.

## Hatua ya 5: Rudia pingili, kisha zitofautishe

Uti wa mgongo wa kifaranga huanza kama vipande vinavyojitokeza jozi moja baada ya nyingine, takriban kila dakika 90. Vinafanana vinapozaliwa. Baadaye mahali panavitofautisha: kimoja kinabeba fuvu, kingine ubavu, kingine nyonga. Binadamu na twiga wote wana pingili saba za shingo. Twiga ameongeza urefu wa kila moja, hesabu hakuigusa.

Pingili yetu ni mita 3. Lamu na Unguja urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Wewe utapangwa na urefu wa mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, zinazopatikana kwenye duka la karibu, bati, na tofali la inchi 6. Chagua upana mmoja ushikamane nao.

Kwa nini? Fundi anayejifunza kenchi moja ataipiga ileile miaka kumi baadaye, hata kama ni fundi mwingine. Kipimo kimoja ni kumbukumbu isiyohitaji wewe uwepo saiti.

Tofautisha kwa dirisha, kimo, kibaraza na kina cha paa. Upande wa magharibi paa litoke zaidi. Upande wa ua dirisha lishuke hadi mtu aliyekaa mkekani aone nje.

## Hatua ya 6: Panga awamu, na moyo upige katika kila moja

Moyo wa binadamu huanza kupiga karibu siku ya 22, ukiwa bado mrija usio na vyumba vinne. Kiinitete hakina ruhusa ya kuandika "samahani, tunajenga." Kinaishi huku kikijijenga.

Hiki ndicho kipimo cha kila awamu. Siku ambayo fedha zitakatika, je, familia inaweza kulala, kupika, kuoga, kufunga mlango, na mvua ya masika ikapita? Jibu likiwa hapana kwa moja kati ya hayo matano, hiyo ni nusu ya awamu, iunganishe na inayofuata.

Awamu zetu:

- Awamu ya 1: E4, E5 vyumba viwili, E6 choo na bafu, baraza la kutazama ua. Mita za mraba 27 bila baraza. Jiko la muda la mabati liko C6.
- Awamu ya 2: D6 jiko la kudumu, C3 mahali pa kuingilia, D3 na E3 sebule. Jumla mita 63.
- Awamu ya 3: B3 hadi B6. Jumla mita 99.
- Awamu ya 4: ghorofa juu ya E4 hadi E6. Jumla mita 126.

Angalia kwamba ua ulikuwepo tangu Awamu ya 1, ingawa umezungukwa upande mmoja tu. Michongoma au fensi ya makuti itakamilisha pande nyingine kwa wakati huo.

Katika mji wa Iquique, Chile, kikundi cha Elemental cha msanifu Alejandro Aravena kilifanya jambo la jamaa na hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Quinta Monroy. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na ilibidi itoshe hata kulipia ardhi. Badala ya kujenga nyumba ndogo nzima, walijenga nusu ya nyumba ya kutosha: ile nusu ambayo familia isingeiweza peke yake, yaani muundo, bafu, jiko na ngazi. Nusu ya pili wakaiacha kama uwazi wenye ukubwa uliojulikana. Chukua somo moja hapo: Awamu ya 1 ibebe yale magumu. Chumba cha kulala mtu yeyote ataongeza. Mfumo wa maji taka ukiukosea mwanzo, utauchimbua milele.

Tahadhari. Awamu ya 4 inaamuliwa Awamu ya 1. Msingi wa E4 hadi E6 lazima mhandisi aukokotolee ghorofa tangu siku ya kwanza. Mwanabiolojia Conrad Waddington alichora ukuaji kama mpira unaoshuka kilima chenye mabonde: juu unaweza kwenda popote, ukishaingia bondeni kurudi ni taabu. Msingi ndio bonde la kwanza.

## Hatua ya 7: Andika vitakavyokufa

Vidole vyako vilianza vikiwa vimeshikana kama kafi. Seli za katikati zikafa kwa mpango, vidole vikaachana. Bata hakuzifisha nyingi hivyo, akabaki na utando wa kuogelea. Kifo kilichopangwa ni sehemu ya kuchora.

Figo ni mfano mzuri zaidi. Kiinitete cha binadamu hutengeneza jozi tatu za figo kwa zamu. Ya kwanza haifanyi kazi ya maana na inatoweka. Ya pili inafanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha inasinyaa. Ya tatu ndiyo tunayotembea nayo. Lakini mrija wa ile ya pili hautupwi kwa mwanamume: unageuzwa kuwa njia ya mbegu za uzazi.

Kwa hiyo kila cha muda kiandikiwe mambo matatu: kitaondoka awamu gani, kitaacha nini, na kilichoachwa kitatumika kwa nini.

Jiko letu la mabati C6 linakufa Awamu ya 2. Mabati yanakwenda kuezeka banda la kuku. Sakafu yake ya zege na mfereji wake vinabaki kuwa mahali pa kufulia. Na pale lilipokuwa, pengo linafunguka kutoka uani kwenda chini ya mwembe. Hatukuchora njia hiyo. Tulichora kifo cha jiko, njia ikatokea.

Mimi hatua hii niliidharau kwangu mwenyewe. Nilijenga mnara wa tenki la maji kwa tofali na nondo, nikauita wa muda, kumbe nimeusimamisha pale pale ngazi ya ghorofa ilipotakiwa kuanzia. Miaka sita baadaye nililipa watu wawili siku nne kuubomoa kwa nyundo, huku mama watoto akiwahesabia chapati na kunitazama.

Utajua umefaulu ikiwa hakuna kitu cha kudumu kitakachobomolewa kati ya Awamu ya 1 na ya 4. Weka ukuta wa tofali kwenye kitu cha muda, na kitu hicho kimekuwa cha kudumu, hata ukikiitaje.

## Hatua ya 8: Chora viungio

Sasa unaweza kuwasha kompyuta. Chora kwa ukubwa kila mahali ambapo awamu moja inakutana na nyingine. Hapo ndipo nyumba zinazokua zinapopasuka.

- Ukuta mpya kukutana na wa zamani. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado utatitia. Usiunganishe kwa kuacha meno ya tofali. Acha mwanya wa sentimita 2 kutoka msingi hadi juu, ukauzibe kwa kitu kinachobonyea. Panga mwanya uangukie mlangoni au kwenye kona, usipite katikati ya ukuta wa chumba.
- Nondo za ghorofa zinazochomoza. Kila mtaa una nyumba yenye nondo zilizooza juu ya paa zikisubiri ghorofa. Zikiachwa wazi kwa kutu ya pwani, siku ya kujenga hazifai. Zifunike kwa zege dhaifu utakalolivunja baadaye.
- Bomba chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Kabla ya kumwaga zege la Awamu ya 1, laza bomba la inchi 4 kuelekea D6 na ulizibe. Bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kupasua jamvi.
- Ngazi. Kimo cha mita 3 kwa vidato 18 vya sentimita 17 hivi kinahitaji urefu wa karibu mita 4.6. Ukingo wa ua wenye mita 6 mbele ya E4 na E5 unatosha. Andika kwenye mchoro: *hapa pasijengwe kitu.* Kwa herufi kubwa.

Tahadhari. Kibali cha ujenzi kiombewe mchoro wa awamu ya mwisho, ukionyesha awamu kwa rangi. Kaulize halmashauri yako kwanza inataka ziwasilishwe vipi.

## Hatua ya 9: Majaribio mawili kabla ya kuamini

Jaribio la shefwa. Mwaka 1891 Hans Driesch alitenganisha seli mbili za kwanza za kiinitete cha shefwa, yule mnyama wa miiba anayewachoma wavuvi. Alitegemea nusu mbili za mnyama. Kila seli ikatoa lava, yaani mnyama mchanga, kamili ila ndogo. Funika kwa mkono Awamu ya 3 na ya 4. Je, kilichobaki ni nyumba ndogo iliyokamilika, au ni nyumba kubwa iliyokatwa? Paa linalomalizikia hewani na ukuta wenye meno yanayosubiri ni majibu ya pili. Rudi Hatua ya 6.

Jaribio la kiwanja kingine. Mpe mwenzako daftari la kanuni, bila mchoro, na kiwanja ambacho barabara iko magharibi. Akitoa nyumba tofauti na yako lakini inayoonekana ni ndugu yake, kanuni zako zinafanya kazi. Akishindwa, kuna jambo uliliamua kwa jicho na hukuliandika. Akitoa nakala ya nyumba yako, umemwandikia ramani, hukumwandikia kanuni. Jeni hazibebi picha ndogo ya mkono. Zinabeba maelekezo yanayosomwa tofauti mahali tofauti.

Na mlinganisho huu una mpaka. Tofali halisomi kitu. Seli hujipanga zenyewe, nyumba hupangwa na watu wanaogombana kuhusu fedha, urithi na nani apewe chumba chenye upepo. Asikudanganye mtu kwamba jengo "linajiotea." Wasomaji wa miteremko ni wewe, fundi, na watakaoishi humo.

## Hatua ya 10: Peleka kamba na chokaa kiwanjani

Mjini Mexicali, Mexico, mwaka 1976, msanifu Christopher Alexander na wenzake walijenga nyumba tano na familia tano, na kila familia ilijipangia nyumba yake palepale kwenye ardhi. Fanya hivyo. Piga vigingi vya Awamu ya 1, funga kamba, kisha mwaga chokaa ya awamu zote nne, kila moja kwa mstari wake: mzima, wa vitone, wa misalaba.

Mwite mama mwenye nyumba aje apike kwa mchezo C6, aende bafuni E6, amwite mtoto kutoka mwembeni. Mwite na bibi kama yupo. Katika kiwanja cha mfano bibi alisimama E4, akatazama ua wa chokaa, akauliza mbona mlango wa nje unatazamana moja kwa moja na bafu. Hatukuwa tumeona. Tuliusogeza mlango wa C3 mita moja na nusu kaskazini, ukapata kona kama tekani, na jicho la mgeni likakomea ukutani.

Ukishasahihisha, piga picha kutoka juu ya mwembe, andika vipimo vya kila kigingi daftarini, na umpe fundi karatasi moja tu: Awamu ya 1. Akiona ghorofa atataka kuanza nayo.